Futa Kontena Lako Tuone

Haya wadau, leo sina salamu ndefu. UE zinakaribia, umeme hosteli unakatika unavyotaka wenyewe, na mimi nimechoka kusikia wimbo mmoja kila nikipita maabara: "Docker imenifutia data." Jamani, Docker haijakuonea. Imefanya kile kile ilichosema itafanya. Tatizo ni kwamba amri tunapeana kama desa la usiku wa mtihani: kopi, pesti, ikikubali twende.

Tuanze na msingi. Kontena ni kitu cha kutupwa. Hilo si tusi, ndivyo lilivyoundwa. Solomon Hykes alipoionyesha Docker hadharani Machi 2013 kule Santa Clara, Marekani, hoja ilikuwa kuifunga programu pamoja na vitu vyake ili iende mashine yoyote, tuachane na ile kauli ya "mbona kwangu inafanya kazi". Imeji ni ya kusoma tu. Ukiwasha kontena, juu ya imeji linawekwa tabaka la kuandikia, na kila faili ambalo programu yako inaandika ndani linaangukia humo. Ukifuta kontena, tabaka nalo linakwenda.

Ni kama chumba cha hosteli. Mwaka ukiisha unakabidhi funguo, na ulichoandika ukutani kinapakwa rangi. Chako ni tranka ulilokuja nalo kutoka nyumbani. Kwenye Docker tranka hilo linaitwa volyumu, na amri yake ya docker volume ipo tangu toleo la 1.9, Novemba 2015. Sasa mtu anayeandika mambo yake ukutani hadi leo, tumsaidieje?

Kinachowadanganya wengi ni hiki: ukisimamisha kontena na kuliwasha tena, data bado ipo. Unazima leo, unawasha kesho, wiki tatu zinapita, unajiona uko salama. Halafu siku moja unabadilisha mstari mmoja kwenye faili la Compose, hata jina la mazingira tu. Unapiga docker compose up. Compose inaona mpangilio umebadilika, inaliondoa kontena la zamani na kuunda jipya. Kwaheri.

Ndicho kilichowapata wenzetu wa kundi moja la projekti. Mfumo wa kuandikisha wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, SQLite imekaa ndani ya folda ya programu, folda ndani ya kontena. Akina mama walikaa foleni kutoa majina na hisa zao, vijana wakaingiza moja moja. Siku ya kuongeza kipengele kipya, vyote vikaenda. Na kukwepa kwake ilikuwa mistari miwili mitatu ya volumes. Kuwarudia akina mama wale na kuwaambia "tunaomba tuanze upya" si kazi ya Docker, ni ya kwako, na hisa zao si za majaribio.

Wanaotumia PostgreSQL nao wasicheke. Imeji yake rasmi hujitengenezea volyumu hata usipoitaja, ila haina jina, ina msururu wa herufi na namba 64. Ukifuta kontena na kuwasha jipya kwa docker run, linapewa volyumu nyingine, tupu. Kama hukuweka --rm, ile ya kwanza huenda bado imelala pale, kwa hiyo kabla hujalia piga docker volume ls. Na tafadhali, ile -v mwishoni mwa docker compose down si pambo. Inafuta hata volyumu ulizozipa majina kwenye faili lako.

Sasa mipangilio, maana huku ndiko aibu iliko. Watu wanaandika paswedi ya databesi kwa ENV ndani ya Dockerfile, wanajenga imeji, wanaitupa hadharani. Ndugu yangu, mtu yeyote mwenye imeji hiyo akipiga docker history anaisoma. Umechonga funguo za nyumba ukazigawa sokoni! Mipangilio ikae nje na iingizwe wakati kontena linawashwa. Faili la .env lisiende GitHub, na liandikwe pia kwenye .dockerignore. Wenzako waachie mfano wenye majina ya vigezo bila thamani zake.

Tena mjue vitu hivi viwili havisahihishani. Ukibadilisha POSTGRES_PASSWORD wakati volyumu ina data tayari, paswedi haibadiliki, kwa sababu kigezo hicho kinasomwa mara ya kwanza tu, folda ikiwa tupu. Nimeona watu wakihangaika na hilo usiku kucha, mwisho wanafuta volyumu ili "ikubali". Imekubali kweli, data ziko wapi?

Najua kuna watakaosema, "Basi databesi isikae kwenye kontena kabisa." Huko ni kukimbia somo. Wengine wanajitetea kwa docker commit. Hiyo haibebi kilichomo kwenye volyumu, na inakuachia imeji ambayo hakuna anayejua ilitengenezwaje. Na wewe unayejivuna kuwa una volyumu: ipo kwenye diski ile ile ya laptopu yako. Ikiibiwa kwenye daladala, imekwenda. Piga pg_dump, nakala ikae mahali pengine.

Ombi langu kwa majopo ya projekti ni moja. Acheni kuuliza rangi za vitufe. Mwambieni mwanafunzi: "Futa kontena lako sasa hivi, mbele yetu, uliwashe upya." Data zikirudi na mfumo ukawaka bila yeye kugusa kitu ndani, mpeni maksi zake. Akianza kutoka jasho, mmeshapata jibu. Na sisi tusingoje jopo, tufanye jaribio hilo leo leo, kabla ya kumwomba mtu yeyote atukabidhi jina lake na hela zake.

Mwenye hoja tofauti aje, uwanja ni wenu. Matusi sijibu. Narudi kwenye desa.