Redioni, Kiswahili Kingoje
KUTOKA CHEMCHEM, na Hamisi Kasongo

Kijana mmoja wa mtaani kwetu ameniuliza swali lisilokwepeka: rubani Mtanzania, mwongoza ndege Mtanzania, ndege inatua hapa Tabora, Kiingereza cha nini?

Kanuni ziko upande wake. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linaruhusu lugha ya kituo cha chini au Kiingereza. Wafaransa huongea Kifaransa na ndege zao. Kanada, kinyume chake, marubani waligoma Juni 1976 kukipinga Kifaransa hichohicho redioni.

Lakini redio ya ndege si simu ya watu wawili. Wote walio kwenye masafa yale wanatega sikio wajue nani yuko wapi. Septemba 10 mwaka huohuo, juu ya Zagreb, mwongoza ndege aliyelemewa na kazi aligundua kwamba ndege mbili zinakutana kwenye futi 33,000. Akaionya ile ya Yugoslavia kwa lugha ya kwao. Waingereza wa ndege ya pili hawakuelewa neno. Walikufa watu 176. Makosa yalikuwa mengi siku ile, ila hilo la lugha ndilo linaloniuma.

Sisi wa njia ya misafara hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kutoka huku kwetu Unyanyembe hadi Bagamoyo hakukidharau Kinyamwezi. Ila njiani alisema Kiswahili, kwani kulikuwa na Wagogo, Wamanyema, Waarabu, na wote walihitaji kuelewana maji yako wapi. Kiingereza cha angani nacho ni lugha ya njia, wala si cha Waingereza: tatu husemwa “tri”, tisa “naina”, na Mwingereza mwenyewe hutakiwa apunguze mbwembwe.

Ugumu huja pale maneno ya kukariri yanapokwisha: abiria amezidiwa, ndege mnyama kaingia kwenye injini. Ndiyo maana tangu Machi 2008 ICAO inadai marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wafikie angalau daraja la 4 kati ya 6 katika kumudu Kiingereza.

Hata hivyo sikubali mtu afe kwa adabu ya lugha. Injini ikizimika na Kiingereza kikamtoroka, rubani wetu aseme Kiswahili, mnara umjibu Kiswahili, kisha uwaeleze wengine kwa Kiingereza papo hapo. Hilo lifanyiwe mazoezi mapema, lisiachiwe siku yenyewe.