Changizo la Kanisa na Heshima ya Anayesaidiwa

Katika sharika nyingi za Kilutheri, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro hadi migombani Bukoba, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka ya mchungaji. Waumini hutoka nje, wakasimama uani, na mnada ukaanza. Mama asiye na fedha taslimu ameleta mayai matatu. Mzee ameleta mkungu wa ndizi. Mtoto amekuja na kuku aliyefungwa miguu. Vitu hivyo hunadiwa, na mara nyingine yai lile lile hununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena, hata likaleta fedha ambayo sokoni yai halijapata kuifikia. Fedha hiyo huendesha kazi za usharika, na sehemu yake huwafikia wajane, yatima na wagonjwa wa mtaa ule.

Mnada wa namna hii wastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake maskini naye ni mtoaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa fikra kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, likawatanguliza watu na juhudi zao. Mama wa mayai matatu amelielewa Azimio hilo pengine kuliko wengi waliolijibia mitihani.

Lakini imeingia desturi nyingine. Siku ya changizo hualikwa mgeni rasmi, hupewa kipaza sauti, hutaja kiasi chake, na bahasha huinuliwa mbele ya kamera. Hayo yangeweza kuvumiliwa, maana fedha ya mwenye majivuno nayo hununua unga. Lisilovumilika ni lile linalofuata: familia zinazosaidiwa huitwa kwa majina, zikasimamishwa mbele ya umati, mama na watoto wake, wapokee mfuko wa unga na chupa ya mafuta huku wakipigwa picha. Kesho yake mtoto yule yuko darasani pamoja na wenzake waliomwona. Mwalimu anayajua yanayosemwa wakati wa mapumziko, na anajua ni kwa nini mtoto huyo hakuja shuleni Jumanne.

Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mkatoliki, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba mwaka 1970, alilitaka Kanisa lisitosheke na kuwahurumia maskini, bali lipambane na hali inayowafanya wawe maskini. Wapo wanaoitumia hoja hiyo kudharau kila changizo. Hao wamekosea. Aliyekosa nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali leo hawezi kuambiwa angoje mabadiliko ya mfumo. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016; lakini sare, viatu na madaftari vingali vinanunuliwa, na mwenye kununua ni mzazi. Penye pengo hilo ndipo kapu la kanisa linapofanya kazi ya kweli.

Basi ni nani aamue ipi ni familia yenye dhiki? Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walikubaliana kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani hukutana nyumbani kwao. Wasomaji wanaoukumbuka mfumo wa nyumba kumi kumi wa TANU wataona mfano wake. Watu wa nyumba chache zinazopakana wanajua ni jiko gani halijawashwa tangu juzi. Kamati ya wakubwa wa usharika haijui, na orodha yake aghalabu huwa na shemeji zao. Orodha ya majirani, kadhalika, haina budi imhesabu na mjane Mwislamu wa nyumba ya tatu, maana ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, ile ya undugu wa binadamu, haikuuliza mtu anasali wapi.

Kuhusu mgeni rasmi, watumishi wa Serikali wana neno la kujiuliza. Afisa anaalikwa kwa cheo chake, na mshahara wake unajulikana na kila mtu. Akizunguka kwa wafanyabiashara kukusanya bahasha ili akazisome kwa jina lake, amekopa madhabahuni, na watakaolidai deni hilo watakuja ofisini, wakati wa zabuni na vibali. Ni heri aende na elfu kumi yake, akae benchi la nyuma, anunue yai.

Na mhazini wa changizo asome hesabu mbele ya waumini kila baada ya miezi mitatu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na familia ngapi zimefikiwa. Majina ya familia hizo yabaki katika daftari, na mfuko wa unga upelekwe nyumbani jioni na jirani.