Kuhukumu Gitaa kwa Sikio

Waandishi waliotuletea makala za toleo hili, ambalo lote tumelitenga kwa ajili ya magitaa yaliyoundwa kwa mkono, tuliwawekea sharti moja ambalo baadhi yao hawakulipenda: kwamba yeyote atakayelinganisha sauti ya gitaa hili na lile aieleze kwanza sauti yenyewe, namna inavyotoka, inavyokaa na inavyofifia, wala asiutaje mti wa mgongo au bei ya chombo mpaka hukumu yake iwe imekwisha andikwa. Mmoja alituuliza kama tunamdhania mtoto. La hasha, tunamjua kuwa ni binadamu, na binadamu akishaambiwa kwamba ameshika mti adimu, aghalabu huusikia uadimu huo hata katika uzi uliolegea.

Hapa Fairfield, magharibi ya Sydney, jambo hili lina uzito wa pekee. Katika manispaa hii moja wamekusanyika Waashuri na Wairaki, ambao udi kwao ni chombo cha nyumbani kama ulivyo kwa watu wa Unguja na Mombasa. Wamo Wavietnamu wa Cabramatta, ambao taifa lao lililipokea gitaa la Wazungu na kuuchimba ubao wa shingo baina ya vile vijiti vya chuma, ili kidole kipate kuudidimiza uzi na sauti ipinde kama koo la mwimbaji wao lipindavyo. Na katika vitongoji vya jirani wamo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, waliolelewa na gitaa kavu, yaani lisilo la umeme. Watu hawa wakipewa gitaa lile lile watalihukumu mbalimbali, wala hapana atakayekuwa amekosea, maadamu mmoja anataka sauti ikae, wa pili anataka ipinde, na wa tatu anataka ikatike upesi ili ile inayofuata ipate nafasi yake. Ajabu ni kwamba wote watatu, wakiingia dukani na fedha mkononi, huanza kwa swali moja: mgongo wake mti gani?

Swali hilo lilipata jibu zamani. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Kihispania ambaye umbo la gitaa la nyuzi laini tunalolijua leo limetokana na mikono yake, aliunda gitaa lenye uso wa mbao nzuri, ilhali mgongo na mbavu alizifanya kwa karatasi nzito, apate kuwathibitishia wenziwe kuwa siri ya sauti imo usoni. Na gitaa hilo lingali limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Wasioridhika na Torres wanao ushahidi wa 2018, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster walipotangaza matokeo ya jaribio lililotumia magitaa sita ya fundi mmoja, Roger Bucknall, yaliyofanana kwa kila hali isipokuwa miti ya mgongo na mbavu, kuanzia ule mti wa Brazili unaouzwa kwa bei ya kutisha hadi mkangazi na mjozi. Wapigaji 52 waliyapiga chumbani mwenye giza, wakiwa wamevaa miwani myeusi ya wachomeleaji, na walipoulizwa ubora wa sauti, magitaa yote yaliwatoka kwa alama zilizokaribiana sana, ya bei kubwa hayakuyashinda ya bei ndogo.

Iko wapi basi tofauti ambayo kila sikio linaikiri? Imo katika uso, unene wake na mifupa iliyogandishwa ndani yake. Greg Smallman, fundi wa jimbo letu hili la New South Wales, aliuparaza uso wa mwerezi ukawa mwembamba kupita desturi, akautegemeza kwa kimia cha vijiti vya balsa na nyuzi za kaboni, na mgongo akaufanya mzito. Na John Williams, mpiga gitaa mzaliwa wa Melbourne, akalichukua gitaa la namna hiyo katika majumba makubwa ya dunia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lina nguvu, na sauti yake hukaa. Wako wanaosema limepoteza zile rangi za kivuli zilizomo katika magitaa ya Kihispania, nami, nikilisikia katika chumba kidogo, huwaunga mkono.

Tena uko mkono wa mpigaji. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Katanga, kwa kidole gumba na cha shahada aliwapa watu sauti ambayo wapigaji wenye vyombo vya thamani wangali wakiitafuta.

Mafundi watatupinga, na wana haki kwa kiasi chake. Fundi hagongi ubao kwa mchezo. Huugonga, akaupiga randa, akaugonga tena, mpaka umjibu, na kwa kazi hiyo hasa tofauti za miti humezwa na ustadi. Mti una sifa nyingine pia, ya kukubali kupindwa kwa moto bila kupasuka na ya kuvumilia hewa kavu, na hilo si dogo katika upande huu wa mji, ambako tarehe 4 Januari 2020 Penrith ilifikia nyuzijoto 48.9. Lakini huo ni uimara, na haifai kuuuza kwa jina la utamu.

Twalisema hili kwa kuwa gharama ya uzushi huu wa mti wa mgongo hulipwa huko kwetu Afrika Mashariki. Ule mti wa Brazili na mpingo wa Kilwa ni wa ukoo mmoja, ukoo ambao biashara yake yote imewekewa masharti ya kimataifa tangu Januari 2017, ingawa ala za muziki zilizokwisha undwa, isipokuwa za mti ule wa Brazili, zilisamehewa mwishoni mwa 2019. Na mpingo huchukua miongo mingi kabla haujafaa kukatwa. Kwa klarineti na oboe una udhuru, kwa kuwa mafuta yake na uzito wake hustahimili unyevu wa pumzi. Kwa mgongo wa gitaa, udhuru kama huo bado hatujausikia, na ukurasa wa barua uko wazi kwa atakayetuletea.