Ndugu, Hiyo si Karuho

Wafanyakazi wenzangu, akina mama na vijana wa nyumbani,

Hapa Kalundu mtu akikonda, tumbo likajaa maji na macho yakageuka manjano, neno la kwanza linalosikika ni karuho: amepewa sumu. Kisha anatafutwa aliyempa. Nilimwuguza mfanyakazi mmoja, umri wake sawa na wangu. Chini ya mbavu za kuume ini lilikuwa gumu kama jiwe. Hata hajazikwa, shangazi yake aliyempikia kila siku alikuwa amekwisha fukuzwa. Mimi nasema mama yule alionewa, na shahidi wangu anaishi ndani ya chupa.

Mwaka 1976, huko Afrika Kusini, Jennifer Alexander na wenzake walitangaza kwamba wamefaulu kukuza chembe za kansa ya ini nje ya mwili wa mtu. Chembe ni vile vipande vidogo sana vinavyojenga mwili, havionekani ila kwa mikroskopi. Zilitoka katika ini la kijana Mwafrika wa miaka 24. Ziliwekwa katika chupa yenye maji ya chakula chake, kwa joto kama la mwili, zikazaana. Zikijaa, nyingine zinahamishiwa chupa mpya. Hata leo zinaendelea kuzaana katika laboratwari za nchi nyingi, kwa jina PLC/PRF/5, au chembe za Alexander. Jina la mtaalamu limebaki. Jina la kijana halimo. Hilo linaniudhi kila nikilifikiri.

Siku zile waganga wa Afrika Kusini walikuwa wakiiona kansa ya ini mara nyingi mno kwa wachimbaji wa dhahabu, hasa waliotoka Msumbiji. Watu wa kazi kama sisi. Lakini asili yake haikuwa vumbi la shimo.

Chupa ilionyesha nini? Kwanza, chembe zile zilikuwa zikitoa ganda la virusi vya homa ya ini B, na baadaye ilionekana kwamba virusi vimejichomeka ndani ya urithi wa chembe zenyewe. Pili, katika urithi huo mna sehemu iitwayo p53, ambayo ni kama kapita anayesimamisha mashine ikiharibika. Kwa kijana yule kapita huyo alikuwa ameharibiwa mahali namba 249, na hapo ndipo aflatoksini inapojulikana kuharibu. Aflatoksini ni sumu ya ukungu unaoota katika karanga na mahindi yasiyokauka vizuri.

Basi sumu ipo kweli! Lakini hakuna mtu aliyeitia chunguni. Ilitoka katika gunia lililolowa mashuani, tukalinunua kwa sababu bei ilikuwa rahisi. Na mtu akiwa na virusi vile kisha akala ukungu huo miaka na miaka, hatari inaongezeka mara nyingi.

Najua wengine watasema chupa si mtu. Ni kweli. Katika chupa damu haizunguki, na dawa inayoua chembe pale huenda isimponye mgonjwa. Hata virusi vyenyewe vilikataa kuingia katika aina nyingi za chembe hizo, mpaka mwaka 2012 wataalamu wa Beijing walipoutambua mlango wake. Lakini kwa swali letu, la nani alimlisha nani sumu, chupa inatosha.

Akina mama, karanga yenye ukungu au iliyokunjamana itupwe, maana kupika hakuiondoi sumu ile. Chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga ya homa ya ini B. Zisikose hata moja. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka hata mtoto mchanga apate ya kwanza katika saa 24. Wembe usishirikiwe. Sahani ya bukari haina neno: msimtenge mwenzenu mezani.

Anayetaka kujua hali yake apimwe damu. Akikutwa na virusi, zipo dawa za kuvituliza, tena afuatwe na mganga kila mara ini lisije likaharibika kimya kimya. Na asije peke yake dispansari: aje na bibi yake na watoto.