Watoto Wetu Waende Wapi Siku ya Sikukuu?



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, mji wetu wa Usa River hubadilika sura. Shule hufungwa. Barabara kuu ya Moshi na Arusha hujaa mabasi na magari madogo ya watu wanaorudi makwao Meru na Kilimanjaro. Maduka hupambwa, na kumbi za starehe, kuanzia kwetu hadi Arusha mjini, hutangaza burudani za Krismasi na za mkesha wa Mwaka Mpya. Hali ya namna hiyo, kwa kipimo kidogo zaidi, huonekana pia katika Idi zetu mbili. Mtoto huvishwa nguo mpya, hupewa mkono wa Idi, na baada ya pilau ya mchana huambiwa neno moja tu: “Nenda kacheze na wenzio.” Ni wachache wanaouliza anakwenda kucheza wapi, pamoja na nani, na nani atakayemrudisha nyumbani.

Swali hili si dogo. Taifa letu limekwisha kulilipia kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto walikusanyika katika ukumbi mmoja wa muziki mjini Tabora kwa ajili ya burudani iliyozoeleka kwa jina la disko toto. Waliingizwa wengi kupita uwezo wa ukumbi. Hewa ikawa haba, msongamano ukazidi, na watoto wapatao 20 wakapoteza maisha kwa kukosa hewa na kukanyagwa. Walikuwa watoto waliovaa nguo za Idi, na wazazi wao walikuwa wamewaruhusu kwenda kufurahi. Tangu msiba huo, kila sikukuu inapokaribia, iwe Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, makamanda wa Polisi wa mikoa mbalimbali wamekuwa wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku.

Marufuku hiyo ni ya haki, nasi tunaiunga mkono. Hata hivyo, yatupasa tutafakari zaidi ya hapo. Wako ndugu zetu ambao, wakisikia habari ya Tabora, husema upesi kwamba hayo ni malipo ya muziki na dansi, kisha huona kuwa wamemaliza mazungumzo. Kauli hiyo haiwatendei haki watoto wale, wala haitusaidii sisi tuliobaki. Tarehe 1 Februari 2020, katika mji jirani wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika viwanja vya Majengo. Hawakuwa katika dansi. Walikuwa katika ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta waliyoambiwa yana baraka. Na tarehe 24 Septemba 2015, siku ya Idi el-Adh'ha, mahujaji walisongamana na kufa huko Mina. Serikali ya Saudi Arabia ilitaja vifo 769, na hesabu zilizokusanywa kutoka nchi walikotoka mahujaji hao zilizidi 2,000. Je, nani atathubutu kusema kwamba waliokuwa wamevaa ihramu waliadhibiwa kwa sababu ya dansi?

Basi yako mambo mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha. La kwanza ni maadili ya burudani yenyewe, nalo lina hukumu yake. La pili ni usalama wa watu wanapokusanyika pahali pamoja, na hili halichagui ukumbi wa muziki, kanisa wala msikiti. Mlango ulio mwembamba, umati usiohesabiwa na kukosekana kwa watu wazima wenye kusimamia, vitu hivi huua popote pale. Mwenye kudhani kwamba mtoto amesalimika kwa sababu tu hakwenda kwenye disko, na aangalie jinsi watoto wanavyosukumana mlangoni mwa misikiti yetu siku ya Idi, hasa pale sinia la tende au sanduku la soda linapofunguliwa.

Wengine husema: “Ajali haina kinga, na yote ni kadari ya Mwenyezi Mungu.” Ni kweli kwamba yote yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini Mtukufu Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Anayejaza watoto katika chumba kisicho na madirisha hakumfunga ngamia wake. Na mzazi asiyejua mtoto wake yuko wapi tangu adhuhuri hadi magharibi, naye hali kadhalika.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha mada hii. Amri ya kukataza hufunga mlango mmoja, lakini haimpi mtoto pa kwenda. Ana shilingi mia tano mfukoni, ana nguo mpya, ana marafiki na ana siku nzima mbele yake. Akikatazwa ukumbini, atakwenda kwenye kibanda cha video. Kibanda kikifungwa, atakwenda mtoni, au atatembea kandokando ya barabara kuu. Tukumbuke kwamba barabara ya njia nne inayotoka Sakina ilipojengwa ilikomea Tengeru, kabla ya kufika kwetu. Na tangu mwaka 2023, baada ya zuio la miaka mingi, mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Mtoto anayevuka barabara hii jioni ya sikukuu yuko katika hatari isiyopungua ile ya ukumbini.

Mafundisho ya dini yetu katika jambo hili yako wazi. Anas (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyomo katika Sunan Abi Daud, kwamba Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili. Hakuwaambia waziache siku hizo kisha wakae bure. Aliwaarifu kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili zilizo bora zaidi, nazo ni Idi el-Fitri na Idi el-Adh'ha. Tazameni hekima hiyo: kilichoondolewa kiliwekewa badala yake. Sisi tumekuwa hodari wa sehemu ya kwanza, ile ya kuondoa, na wazito wa sehemu ya pili.

Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku akitazama mchezo huo mpaka alipotosheka mwenyewe. Seyyidna Umar (r.a.) alipotaka kuwazuia wachezaji, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache. Bibi Aisha (r.a.) aliyesimulia habari hii aliwataka wasikilizaji wake wazingatie hali ya binti mdogo apendaye mchezo. Basi asiseme mtu kwamba Uislamu hauna nafasi ya furaha ya mtoto. Na swala ya Idi yenyewe, kwa sunna, ilisaliwa katika uwanja wa wazi, na wanawake na wasichana wakaamrishwa kutoka kwenda huko. Furaha ya Idi ya asili ilikuwa na nafasi ya kutosha na hewa ya kutosha, na wakubwa na wadogo walikuwa pamoja.

Itaulizwa: “Na Desemba je? Krismasi si sikukuu yetu.” Ni kweli, si yetu, nasi hatuna haja ya kuiga ibada ya mtu. Lakini likizo ya shule ni ya watoto wote. Mtoto wa Kiislamu wa Usa River anasoma darasa moja na watoto wa majirani zetu Walutheri, anacheza nao mpira, na mwezi wa Desemba yuko nyumbani kama wao. Atakwenda waendako wenzake, mzazi wake apende asipende. Zaidi ya hayo, mwaka wetu wa Hijria hutangulia kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, na Idi huzunguka katika miezi yote. Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia siku za mwisho za Desemba. Mwaka 2006 Idi el-Adh'ha ilifika mwishoni mwa mwezi huo huo. Na kwa hesabu ya falaki, mwaka 2033 Idi el-Fitri itakaribiana tena na Krismasi. Jirani zetu nao wanalia juu ya watoto wao kama sisi. Mambo ya uwanja, maji na uvukaji wa barabara yanaweza kupangwa pamoja nao bila ya yeyote kuacha itikadi yake.

Tunapendekeza nini basi? Kwanza, kila jamaa ya msikiti na iwe na kamati ndogo ya siku ya watoto, yenye akina mama ndani yake, kwa kuwa wao ndio wanaowajua watoto kwa majina. Pili, mkusanyiko uwe uwanjani, si ukumbini. Ianze asubuhi baada ya swala, na kila mtoto awe amerudi nyumbani kabla ya alasiri kwisha. Tatu, watoto waandikwe majina wanapofika na wanapoondoka, na kwa kila watoto kumi awepo mtu mzima mmoja. Msikiti wenye watoto mia moja unahitaji watu wazima kumi tu. Hatuamini kwamba hawapatikani. Nne, vijana wawili au watatu wenye vitambaa vyekundu wasimame barabarani kuwavusha watoto, baada ya kuwaarifu polisi. Tano, chakula na zawadi zigawiwe watoto wakiwa wameketi kwa safu, kamwe zisigawiwe mlangoni.

Michezo yenyewe haina gharama kubwa: mpira, kamba ya kuvutana, mbio za magunia, mashindano ya kusoma Kurani na mashairi. Na mara moja kwa mwaka tuwe na safari. Magari ya watalii hupinda hapa hapa Usa River kuelekea lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960. Ndani yake kuna kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella yenye ndege wa heroe, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Wageni huvuka bahari kuja kuyaona hayo. Ni watoto wangapi wa misikiti yetu waliowahi kuingia humo, hali Kurani Tukufu inatuhimiza tena na tena kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu na kuzingatia?

Uwanja mkubwa wa michezo wa Arusha mjini una jina la Sheikh Amri Abeid, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, na kabla ya kufariki mwaka 1964 akakabidhiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Alikuwa sheikh, na alikuwa mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu wa dini kushughulikia utamaduni na furaha ya watu si jambo geni katika nchi hii. Tunalolihitaji ni kulirudia katika mitaa yetu.

Idi ijayo haiko mbali, na Desemba nayo hurudi kila mwaka. Kila mzazi na ajiulize leo mtoto wake atakuwa wapi saa tisa ya mchana siku hiyo, na kila kamati ya msikiti na ijiulize imemwandalia nini. Mwenyezi Mungu awarehemu watoto wa Tabora, awape subira wazazi wao, na atujaalie tuwe walinzi waaminifu wa amana aliyotukabidhi. Amin.