Mahamri ya Mkahawani na Haki ya Aliyeyapika

Wako watu wasemao kwamba mtu mwenye nyumba, mke na jiko lake hana sababu ya kwenda kustaftahi mkahawani. Husema kula nje asubuhi ni kuiaibisha nyumba yako, kana kwamba humo ndani hamna unga wala wa kuukanda. Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni, na hata leo yasemwa barazani, tena aghalabu na mtu mwenye kikombe cha kahawa mkononi.

Mimi ni katika hao walao nje, wala sioni haya kulisema. Siku nyingi baada ya sala ya alfajiri hushika njia hadi mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, ulio ubavuni mwa tanuri la mkate. Huagiza mahamri mawili, sahani ya mbaazi za nazi, na kahawa tungu. Boflo zikitoka tanurini, harufu yake hufika mezani kabla ya mhudumu. Staftahi ya namna hii ni katika mila zetu njema, na yapasa ihifadhiwe. Lakini mila haihifadhiwi kwa kusifiwa tu. Kuna mtu ambaye hatumwoni pale mkahawani, naye ndiye abebaye hasara ya lile kabati la kioo linalotutamanisha kila asubuhi. Huyo ndiye nitakaye kumsemea leo.

ASILI YA KIKAO HIKI

Tuanze na jina lenyewe. Lugha yetu haikukiita chumba hiki kwa mkate wala kwa chai. Imekiita mkahawa, mahali pa kahawa, ijapokuwa siku hizi wengi waingiao humo hunywa chai ya maziwa. Kahawa nayo ilitufikia kwa njia ya bahari. Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa katika karne ya 15 ili wapate kukesha katika dhikri, na kutoka bandari ya Mokha buni ikasafirishwa kwenda nchi nyingi. Katika miji yetu ya pwani, wengi katika waliokuwa wakizunguka mitaani na dele la kahawa, makaa yakiwaka chini yake, walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramaut. Waligonganisha vikombe, na mtaa mzima ukajua kahawa imefika.

Wala si jambo geni kwa wakubwa kuviogopa vikao hivi. Mwaka wa 1511 Khair Bey, aliyekuwa na madaraka huko Makka, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku mjini humo. Haukupita muda mrefu, amri kutoka Cairo ikailegeza marufuku hiyo. Mwaka wa 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza naye alitoa amri ya kufunga nyumba za kahawa za nchi yake, akidai kwamba humo ndimo serikali yake ilimosengenywa. Siku chache baadaye alilazimika kuifuta. Wakubwa hawa walijua kwamba watu wakikaa pamoja asubuhi, tumbo likapata kitu na ulimi ukafunguka, huambizana mambo.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Ni mkahawani nipatapo habari ya nani amefiwa na maziko ni saa ngapi, nani anaoza Ijumaa ijayo, samaki wameshuka bei au wamepanda. Hapo huketi mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye nyumbani kwake hapana wa kumwambia «sabahalkheri». Hapo huketi mchukuzi wa bandarini aliyekesha kazini, dereva wa tuktuk asiyekuwa na jiko ila chumba cha kupanga, na mwalimu anayengoja kengele. Hao nao mwataka wakale wapi? Anayesema kula nje ni aibu, na aiangalie meza ile kabla hajasema. Ataona kwamba wengi hawakukimbia mapishi ya nyumbani. Wamekuja kutafuta nyumba.

Jambo moja tu la kahawa yenyewe hunikera. Nchi hii ni nchi ya kahawa. Mapadri wa Kifaransa waliipanda Bura, huko Taita, mwaka wa 1893, si mbali na pwani yetu, na baadaye ikaenea bara. Lakini sehemu kubwa sana ya kahawa yetu huuzwa ng'ambo, na sisi tuliobaki na bahari iliyoipitisha twaletewa mezani unga wa kopo uliokorogwa katika maji moto. Mkahawa usiokuwa na kahawa ya kuchemshwa, yenye tangawizi yake, umebaki na jina tu. Basi na tuyaache hayo, kwa maana yako makubwa zaidi.

MALI KAULI

Yatazame yale mahamri katika kabati la kioo. Katika mikahawa mingi midogo niijuayo, mwenye mkahawa hakuyapika. Yeye huchemsha chai na kahawa, na boflo huzipata kwa jirani yake mwenye tanuri. Mahamri na mbaazi huletwa na kina mama wa mtaani.

Kazi ya mama huyo haianzi asubuhi. Mbaazi ameziroweka tangu jana. Jioni ameketi juu ya mbuzi akakuna nazi, akakamua tui zito na tui jepesi. Unga ameukanda kwa tui, sukari, iliki na hamira, akaufunika uumuke. Kabla ya adhana ya alfajiri ameshasukuma, amekata, na karai liko motoni. Moshi ni wake, na mafuta yakiruka, mkono ni wake. Kisha mtoto hutumwa na sinia kichwani, mbio, ili awahi kurudi akavae nguo za shule.

Hapo mkahawani mahamri huhesabiwa na kupokelewa mali kauli. Maana yake ni kwamba hapana pesa zinazotoka asubuhi. Saa nne, watu wakishatawanyika, hesabu hufanywa. Yaliyouzwa yatalipwa, ama leo ama kesho ama «mama ngoja Jumamosi». Yasiyouzwa hurudishwa katika sinia lile lile, yamepoa na kukakamaa, naye ajue la kuyafanya. Kwa kuwa hasara si yake, mwenye mkahawa hupokea kutoka kwa kina mama watatu au wanne pamoja ili kabati lake lionekane limejaa. Kila ziada ya kabati lile ni upungufu katika jiko la mtu.

Na sisi wateja tumo. Wengi hula kwa daftari, wakaandikiwa hadi mwisho wa mwezi. Mwenye mkahawa naye humwambia mama, «Watu hawajalipa.» Basi mwanamke aliyenunua unga, nazi na mafuta kwa pesa taslimu dukani, ndiye amkopeshaye mtu mwenye mshahara. Amemkopesha bila ya kuulizwa, wala hamjui jina.

Tumefunzwa tangu chuoni kwamba mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Twalijua neno hili sote, na hulitaja sana tunapozungumza juu ya makuli na waashi. Sijapata kulisikia likitajwa juu ya mahamri. Kwani jasho la karai si jasho?

WASEMAVYO WENYE MIKAHAWA

Nimeyazungumza haya na wenye mikahawa zaidi ya mmoja, na haki yao niwape. Husema kodi ya chumba haingoji Jumamosi. Husema makaa na gesi vimepanda, mvua ikinyesha watu hawatoki, na mahamri si kitambaa kwamba yasipouzwa leo yatauzwa mwakani. Yote hayo ni kweli. Lakini mvua inyeshayo mkahawani hunyesha na kwa mama. Yeye pia ana kodi, na makaa yake hayana bei ya peke yake. Ikiwa hasara ipo, na igawanywe. Watu wawili wanaoshirikiana katika faida, mmoja akibeba hasara yote, hiyo si biashara ya haki.

Wako pia wasemao kwamba desturi hii haiwezi kubadilika, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Hawa nawajibu kwa mwezi wa Ramadhani. Mwezi huo mikahawa yetu hufungwa mchana, na biashara ya chakula huhamia vibarazani kabla ya magharibi. Kina mama wale wale huweka meza mlangoni, wakauza kaimati, sambusa, viazi vya karai na mkate wa sinia. Je, nani hukopa hapo? Kila mtu hutoa pesa yake, akapewa futari yake, akaenda zake. Anayejua idadi ya watu wa mtaa wake hupika kwa kiasi, na sinia hurudi ndani tupu. Basi yawezekana kwa siku ishirini na tisa au thelathini. Kwa nini isiwezekane katika miezi mingine?

NIPENDEKEZALO

Sitaki mahamri yapande bei hata mchukuzi ashindwe kuyanunua, wala sitaki mikahawa midogo ifungwe. Nataka mambo matatu tu.

La kwanza, mwenye mkahawa alipe nusu ya idadi anapoipokea asubuhi, na nusu ya pili baada ya hesabu. Akiwa ametoa pesa yake ya nusu, hatapokea mahamri asiyoweza kuyauza, na kabati la kujionyesha litakwisha lenyewe.

La pili, idadi ipangwe jana yake. Ijumaa si sawa na Jumatatu, na siku ya mvua za masika si sawa na siku ya jua. Mwenye mkahawa ndiye amjuaye mteja. Na amwambie mama mapema, «kesho niletee arubaini», badala ya kumwachia akisie.

La tatu ni letu sisi walaji. Awezaye kulipa papo kwa papo na alipe. Siku hizi hata simu hulipa, hapana udhuru wa «sina chenji». Daftari na liachiwe yule ambaye kwa kweli hana, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake tangu zamani, kumsitiri mtu asilale na njaa. Halikuwekwa kwa ajili ya mwenye kazi apendaye kuona pesa zikikaa mfukoni.

Twasikitika sana siku hizi kwamba vijana wetu wapenda vyakula vya kigeni na kwamba mapishi ya pwani yapotea. Mikutano hufanywa, hotuba husomwa. Lakini binti anayemwona mama yake akirudishiwa sinia la mahamri baridi kila saa nne, na pesa za wiki iliyopita bado hazijaja, atajifunza kazi hiyo kwa sababu gani? Mwacha mila ni mtumwa, wasema wazee. Kweli, lakini na mila isimfanye mtu mtumwa.

Kesho asubuhi, ndugu msomaji, ukiisha kumaliza mbaazi zako na kabla ya kuagiza kahawa ya pili, muulize mwenye mkahawa swali moja: «Haya mahamri ni ya nani, na umeshamlipa?» Uliza kwa upole, kwa maana huenda amemlipa, na hapo atafurahi kuulizwa. Ikiwa hajamlipa, toa pesa yako uiweke mezani, useme ni ya mwenye karai. Watu wawili watatu wakifanya hivyo kila siku, swali hilo litazoeleka, na halitahitaji kuulizwa tena.