Oili ya Pikipiki: Soma Kopo Kabla ya Kulipa

Siku hizi ni shida kupata kitongoji kisicho na pikipiki. Ndiyo ipelekayo mahindi mashineni, ndiyo imchukuayo mama mjamzito usiku kwenda zahanati, na kwa vijana wengi ndiyo jembe lao. Baba ameuza ng'ombe, kijana amepata pikipiki, na ada za shule za wadogo zake zatoka humo. Basi juma hili sitasema habari za mwendo wa kasi wala za kofia, maana hayo mmeyasikia. Nataka kusema habari za oili, kitu ambacho wengi wetu hununua kwa kumwambia mwenye duka, "Nipe oili," kana kwamba zote ni moja.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mimi ndimi mwandika daftari la pikipiki ya parokia: petroli kiasi gani, tairi lini, oili lini. Masika ya mwaka 2019 nilikwenda mjini kununua oili. Mwenye duka aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa chupa ya kawaida yenye picha ya pikipiki, nyingine kopo linalong'aa lenye picha ya gari zuri, na bei yake imezidi. Nikasema moyoni, mali ya parokia yastahili kilicho bora, nikalipa ile ya ghali. Hakuna aliyenidanganya, nilijitia ujuzi mwenyewe.

Juma la kwanza hapakuwa na neno. La pili, Paroko aliitwa jioni kwa mgonjwa katika kigango kilicho nyuma ya mlima. Katikati ya mlima pikipiki ikawa inanguruma kwa nguvu, lakini gurudumu halivuti. Ukizidisha moto, kelele yazidi, mwendo hauzidi. Padre akaiacha kwenye nyumba ya Mkristo mmoja, akapanda kwa miguu gizani na mvua ikinyesha. Alimkuta mgonjwa yu hai bado, ashukuriwe Mungu. Kesho yake aliniambia neno moja tu, "Karani, pikipiki yako inalia lakini haiendi." Fundi alichomoa kile kijiti cha kupimia, akapangusa kidole, akauliza, "Nani ameweka oili ya gari humu?" Sahani za klachi zilikuwa zimekwisha kuungua. Gharama niliyoiandika daftarini siku ile yazidi oili ya mwaka mzima.

Sababu ni hii. Katika gari, oili ya injini hulainisha injini tu. Gia zina oili yake mbali, na klachi ya gari la gia za mkono hukaa pakavu. Pikipiki zetu sivyo. Oili ile ile moja hulainisha pistoni, huzunguka katika gia, na klachi nayo huogelea humo humo. Klachi ni sahani nyembamba zinazobanwa pamoja na springi. Zikishikana, nguvu ya injini hufika gurudumuni. Sasa, oili nyingi za magari mapya hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Ni dawa njema kwa gari. Lakini sahani za klachi kazi yake ni kushikana, nawe umezipaka kitu cha kuziteleza!

Basi utaijuaje oili ya pikipiki? Usiangalie picha, soma maandishi. Wajapani waliweka kanuni ya oili za pikipiki za mipigo minne mwaka 1998, na alama yake ni neno JASO. Ukiona JASO MA au JASO MA2, hiyo yafaa kwa klachi inayoogelea. Ukiona JASO MB, iache. Hiyo ni ya zile skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Na kama juu ya kopo pana duara lenye maneno Resource Conserving au Energy Conserving, jua kwamba ni oili ya kuokoa petroli, ndiyo ndugu ya ile niliyonunua mimi. Mwambie mwanao anayesoma akusomee; herufi hizi hazizidi ukubwa wa punje ya mtama.

Kisha zipo namba, kama 20W-50 au 10W-30. Namba yenye W yahusu wepesi wa oili injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili yatiririka upesi asubuhi ya kipupwe. Namba ya pili yahusu uzito wake injini ikiwa moto. Namba kubwa si sifa, wala ndogo si aibu. Zipo pikipiki zilizoundwa kwa 20W-50, zipo zilizoundwa kwa 10W-30, na kitabu kilichokuja na pikipiki chasema wazi. Kitabu chenyewe, najua, mara nyingi kimekwisha kufungia karanga. Kitafute kabla hakijaisha.

Kubadili je, lini? Hapa vijana wetu hukosea sana. Wengine hungoja oili iwe nyeusi, wengine hungoja injini ianze kugonga. Weusi peke yake si kipimo, maana oili njema huchukua masizi na kuyabeba. Ndiyo kazi yake. Kipimo ni kilomita za kitabu. Kama kitabu chasema kilomita 2,000, na kijana hubeba abiria kilomita 100 kila siku, basi ni siku 20 tu, wala si "mwisho wa msimu." Penye vumbi jingi, milima na magunia, ni vema kuwahi kuliko kuchelewa. Pikipiki mpya kabisa hubadilishwa oili mapema zaidi ya hapo, kwa kuwa vyuma vipya hutoa unga wake. Tena ikiwa umevuka mto na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiiwashe. Imwage siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe si ngumu. Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, izime, simamisha pikipiki wima mahali pa sawa, weka beseni, fungua nati ya chini kwa spana yake halisi. Acha itone mpaka ikatike. Kama ina chujio la wavu, lioshe kwa petroli, likauke. Ukikuta vipande vya chuma, mwite fundi. Kurudisha nati, anza kwa vidole, wala usisahau wosha yake. Chombo cha injini ni cha aluminiamu, na mwenye kukaza kwa hasira huua nyuzi zake. Kisha mimina kiasi cha kitabu. Pikipiki nyingi za huku hupokea kama lita moja. Washa kidogo, zima, ngoja, upime. Katika pikipiki nyingi kijiti cha kupimia hutumbukizwa tu bila kukazwa. Wengi hukikaza, wakasoma uongo. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi hufanya povu na kusukuma sili, ikavuja.

Kuna na ile iliyomwagwa. Mama mmoja aliniuliza kama ni kweli oili chafu yaponya ukurutu wa mbuzi. Mama, usimpake mbuzi, wala usimpake mtoto. Oili iliyopita injini imebeba masizi na unga wa vyuma, na ikizoea ngozi yaweza kuleta hata saratani. Usiimwage karibu na kisima. Ikusanye katika dumu lenye mfuniko, na siku ya kwenda mjini uipeleke kwenye gereji yenye pipa la kuikusanyia.

Na ile chupa tupu itoboe kwa msumari kabla ya kuitupa, maana wako watu huziokota, wakazijaza oili chafu iliyochujwa, wakakuuzia tena wewe. Kwa hiyo ukinunua, tazama kwanza kama kifuniko hakijafunguliwa.